Kujihuisha kwa seli shina: "jeni za saratani" zina kazi gani mwilini?

Jirani yangu hapa Umoja alirudi majuzi kutoka kliniki alikompeleka dadake, akaniuliza: "Mwalimu, kwani hizi jeni za saratani tulipewa za nini? Si afadhali tungezaliwa bila hizo?" Jina ndilo lililompotosha. Jeni hizo zimepewa jina la ugonjwa unaotokea zinapoharibika. Zikiwa nzima, nyingi husimamia seli shina, yaani seli mama zinazozalisha seli mpya za mwili.

Mama anayeuza uji uliochacha pale stejini hamalizi ndoo kabisa. Hubakisha chachu kidogo ya kuchachushia wa kesho. Seli shina nazo hufanya hivyo: zinapogawanyika, baadhi ya watoto hukomaa na kwenda kazini, wengine hubaki shina kama mama yao. Huko kubaki shina ndiko kujihuisha. Bila hiyo tusingefika mbali, maana seli nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, na utando wa ndani wa utumbo hubadilishwa kila baada ya siku chache.

Sasa, nani anapima cha kuuza na cha kubakisha? Chukua jeni iitwayo Bmi1. Ilijulikana mwaka 1991 kwa kuchochea saratani ya tezi za limfu katika panya. Mwaka 2003 ikabainika kwamba panya wasio nayo hushindwa kudumisha seli shina za damu kwenye uboho. Bmi1 huinyamazisha jeni nyingine, p16, ambayo ni breki ya kugawanyika. Breki hiyo hutukinga na saratani, lakini ina bei yake: kadiri tunavyozeeka p16 huongezeka, na seli shina za tishu kadhaa huchoka. Binafsi naona hapa ndipo penye utamu wa somo hili zima. Ukilegeza breki unakaribisha uvimbe, na ukiikaza mno, tishu zinashindwa kujikarabati.

Usidhani basi kwamba kulegeza breki huongeza seli shina kila mara. Jeni ya PTEN ni breki pia. Watafiti walipoiondoa kwenye seli shina za damu za panya, seli hizo ziligawanyika kwa pupa, akiba ikaisha, na leukemia (saratani ya damu) ikazuka juu yake. Uji umeuzwa mpaka chachu!

Kwenye utumbo mpana mhusika ni jeni ya APC. Seli shina hukaa chini kwenye vishimo vidogo vya ukuta wa utumbo, mahali panapotoka ishara ya kuziambia zibaki shina. Seli ikipanda juu, ishara hufifia, na APC husaidia kuteketeza protini ya beta-katenini iliyokuwa ikiipokeza. APC ikiharibika, protini hiyo hurundikana, na seli iliyokwisha kupanda huendelea kugawanyika kana kwamba bado iko shimoni. Saratani nyingi za utumbo mpana huanzia hapo.

Dada wa jirani aliambiwa dozi yake ya kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, isubiri kwa sababu damu imeshuka. Dawa nyingi za kemo hushambulia seli zinazogawanyika upesi, na haziulizi kama ni za uvimbe au ni zile changa zinazotengeneza damu kwenye uboho. Hivyo dozi hupangwa kwa vipindi, mara nyingi vya wiki mbili au tatu, na damu hupimwa kwanza kuona kama uboho umeshaijaza ndoo.