Si Ana Kadi ya Bima?

Jumatatu iliyopita mwanamume mmoja alisimama pembeni ya dirisha langu la dawa, akangoja wateja wapungue, kisha akainama. "Dada, samahani. Shemeji yangu kila mwezi anatuomba hela. Si ana kadi ya bima huyu? Hizo hela anazipeleka wapi?"

Sikumjibu. Siri ya mgonjwa si yangu kuigawa, nikamwambia akamuulize mwenyewe. Lakini swali hilo nimeshalisikia kwa waume, kwa dada zao, kwa waajiri, hata kwa muuguzi mmoja ambaye alipaswa kujua, na sasa limenifika kooni. Najibu hapa. Simtaji mtu, nitakayoyasema nimeyachota kwa wagonjwa kadhaa, nikayachanganya.

Nazungumzia vidonda vya utumbo mpana na ugonjwa wa Crohn. Si amiba, si taifodi, wala si vile vidonda vya tumbo vinavyotibiwa kwa wiki mbili. Hapa kinga ya mwili inaushambulia utumbo wenyewe: unavimba, unachubuka, mtu anahara damu, anakonda. Ugonjwa unatulia miezi, kisha unaamka. Tanga tunajisifu kwa waja leo waondoka leo, lakini mgeni huyu akija amekaa.

Hela ya kwanza huondoka kabla ugonjwa haujapata jina. Metronidazo, ile dawa ya amiba, mara tano. Kipimo cha taifodi mara nne. Chupa za mitishamba. Hayo nayapita, kila mwenye ugonjwa huu anayajua.

Chukua kipimo cha kamera inayoingizwa utumboni. Bima inakilipia, na nashukuru kwa hilo. Sasa fuatana na mgonjwa. Wateja wangu wengi hupewa rufaa ya Muhimbili au KCMC, na kutoka Tanga mjini, uende Dar es Salaam au Moshi, ni takriban kilomita 350. Siku moja kabla ya kipimo hali chakula, anakunywa vitu vyepesi tu. Jioni anaanza dawa ya kusafisha tumbo, alfajiri anamalizia. Dawa hiyo kazi yake ni kuharisha mpaka yatoke maji matupu. Huwezi kuinywa usiku Chumbageni ukapanda basi stendi ya Kange asubuhi. Lazima ulale huko huko, tena mahali penye choo chako peke yako. Ndugu yake wa Dar anakaa Manzese, chumba kimoja, choo cha uani cha wapangaji wote. Utamlaza hapo usiku wa kwenda chooni mara kumi na tano? Basi ni gesti, chumba chenye choo ndani, siku mbili. Na kwa kuwa atachomwa sindano ya usingizi, haruhusiwi kuondoka peke yake. Anahitaji msindikizaji. Nauli si mbili tena, ni nne. Chakula ni cha wawili. Msindikizaji naye ameacha kibarua chake. Majibu ya kinyama alichokatwa utumboni kikapimwe yakichelewa, safari inaanza upya.

Kadi imefanya kazi yake saa moja, ndani ya chumba cha kipimo. Kabla ya mlango ule na baada yake ni mfuko wa mgonjwa. Na huyo ni mwenye bima kubwa. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, uliokuwa wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, ilipangwa kuishia hospitali ya mkoa, yaani Bombo kwetu. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa 2023, nami naiunga mkono kwa dhati, ila hata ikitimia yote haitamkatia mtu tiketi ya basi.

Kisha kuna kazi. Mmoja anauza chakula Makorora. Ugonjwa ukiamka anafunga wiki nzima, maana mpishi anayekwenda chooni kila nusu saa hutazamwa vibaya. Ugonjwa huu hauambukizi, hata chembe. Lakini nani atawaeleza wateja ambao wameshahamia kwa jirani? Akirudi anaanza na sufuria moja. Hakuna fomu ya bima yenye nafasi ya kuandika hilo, wala pedi, sabuni, na shilingi za choo cha stendi.

Sasa nije kwenye dawa, na hapa mnivumilie, maana hapa ndipo ninapopandisha sauti.

Mesalazini ni dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo. Kwa mtu mzima mwenye vidonda vya utumbo mpana, dozi ya kuuzuia ugonjwa usiamke ni gramu 2 au zaidi kwa siku. Kwa vidonge vya miligramu 500 hivyo ni vinne kila siku, 120 kwa mwezi, mwaka hadi mwaka. Mwezi ambao dirisha la hospitali halina, anapewa cheti akanunue nje. Anafika kwangu, anasikia bei, ananyamaza, kisha anasema nipe za wiki. Akifika nyumbani anavikata nusu nusu ili wiki iwe mbili. Wananiambia wenyewe, na wanaiambia kama habari njema.

Vile vyenye ganda msivikate! Ganda la kidonge kile si urembo. Mesalazini haimponyi mtu kwa kupitia kwenye damu. Inafanya kazi kwa kuugusa ukuta wa utumbo pale penye kidonda. Ganda limetengenezwa lisiyeyuke kwenye asidi ya tumbo, lisafiri, lifunguke chini karibu na mwanzo wa utumbo mpana. Ukipitisha kisu, dawa inamwagika juu, inanyonywa, inaingia kwenye damu na kutoka kwa mkojo. Kidonda kimebaki kilivyo. Aliyekata hakuokoa nusu. Amepoteza karibu kidonge kizima, na baada ya miezi miwili anarudi anavuja damu, na safari ya kilomita 350 inamngoja tena.

Huna hela ya dozi nzima, njoo tukae tuzungumze. Ipo salfasalazini, dawa ya zamani iliyotokana na kazi ya daktari Nanna Svartz wa Sweden kabla ya 1950. Kwa kuzuia vidonda vya utumbo mpana visiamke haiko nyuma ya mesalazini, na bei yake ni ndogo. Ina kero zake: kichwa kuuma, kichefuchefu, na kwa mwanamume hupunguza mbegu, ingawa hurudi akiiacha. Lazima iende na asidi ya foliki. Mwenye mzio wa salfa asiiguse. Lakini daktari akikubali kubadilisha cheti, mtu anaweza kumeza dozi kamili mwezi mzima. Watu wakisikia ni ya zamani na ya bei ndogo wanaona nimewadharau. Sijawadharau. Ningempa mama yangu.

Nikiri jambo. Kwa ugonjwa wa Crohn, ushahidi kwamba mesalazini inasaidia ni dhaifu sana. Vyeti vyake vinakuja, nami nafunga dawa. Mara mbili nimempigia daktari, mmoja alibadilisha. Mara nyingine nimenyamaza, na mpaka leo yupo mtu anauza mihogo ili alipie kitu ambacho siamini kinamsaidia. Silali vizuri kwa hilo.

Halafu prednisoloni, dawa inayoshusha uvimbe na kinga ya mwili, ambayo wanaipenda kwa sababu ni ya bei ndogo na inatuliza upesi. Ni dawa ya kuzima moto, muda mfupi kwa dozi kubwa, kisha inapunguzwa hatua kwa hatua. Si ya kuishi nayo. Anayeimeza mwaka mzima kwa kuwa ndiyo anayoimudu atakuja kununua dawa za sukari, za presha, na za mifupa iliyodhoofika, na macho yataingia ukungu. Kuiacha ghafla nako ni hatari. Tena kifua kikuu cha utumbo hufanana mno na Crohn, hata chini ya kamera. Dawa za kifua kikuu ni bure nchini kwetu; prednisoloni peke yake kwa mgonjwa wa namna hiyo ni kuupa ugonjwa nafasi. Mimi bila cheti siuzi. Najua akitoka kwangu anavuka barabara mbili za Ngamiani na kuipata. Sijui kumkatalia kunamlinda au kunamfukuza tu kwa mtu ambaye angalau angemwonya.

Nirudi kwa shemeji. Ukoo wetu unajua kuchanga. Mtu akikatwa utumbo, kundi la WhatsApp linafunguliwa usiku huo huo na hela inapatikana. Lakini vidonge 120 kila mwezi vya kumwepusha na kisu havina mchango, kwa kuwa anatembea, anacheka, amevaa vizuri. Si sisi peke yetu. Uingereza, mtu mzima wa huko England asiye na msamaha alianza kulipa pauni 9.90 kwa kila dawa Mei 2024, na magonjwa sugu machache yamesamehewa kwa orodha iliyoanza 1968. Crohn haimo. Mwenye tundu la kudumu tumboni la kutolea choo, yumo. Dawa zake zinakuwa bure akishaupoteza utumbo.

Kwa hiyo kaka yangu uliyeinama dirishani, hela anaipeleka Kange, anaipeleka gesti, anaipeleka kwenye wiki ambazo sufuria halikupanda jikoni. Usimuulize kadi iko wapi. Muulize kliniki yake ijayo ni tarehe ngapi na nani anamsindikiza. Kama hana mtu, omba ruhusa kazini mapema, na ukikata tiketi chukua viti vya mbele, karibu na mlango.