Kutetemeka kabla ya mtihani si dalili kwamba hukusoma

Msimu wa UE, mitihani ya mwisho wa muhula, ukifika vyuoni Dar es Salaam, kuanzia Mlimani hadi Kigamboni, kauli ni ile ile: "Aliyesoma hatetemeki." Inaumiza watu, na si kweli.

Hofu ikipanda, mwili humwaga adrenalini: moyo unadunda, viganja vinalowa jasho, tumbo linasokota. Humpata aliyesoma na asiyesoma. Kinachoharibu mambo hasa ni kwamba akili ina nafasi ndogo ya kushikilia hatua za swali unapolikokotoa, na wasiwasi ("nikipata sapu, nikarudia mtihani, je? Mkopo je?") unaigombania nafasi hiyo hiyo. Ndiyo maana mtu aliyemaliza madesa (notisi za masomo) yote anaweza kuikodolea macho karatasi, kisha jibu likamjia akiwa kwenye daladala. Lilikuwemo kichwani muda wote.

Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha utafiti katika jarida la Science. Wanafunzi wenye hofu ya mitihani walioandika wasiwasi wao kwa dakika 10 kabla ya kuanza walifanya vizuri kuliko wenye hofu kama yao ambao hawakuandika. Kalamu na karatasi tu, jamani, jaribu.

Kukesha usiku wa mwisho kunazidisha tatizo. Afadhali siku zinazotangulia mtihani ufunge madesa, ujibu mitihani iliyopita huku unaangalia saa. Na hofu ikikunyima usingizi wiki nzima au kukufanya ukwepe mitihani, nenda kwa mshauri wa wanafunzi mapema, kabla ratiba haijabandikwa.