Trekta dogo la kwanza: nguvu farasi si kila kitu

Ujumbe huu haukomi kuzunguka kwenye magrupu: "Ukinunua trekta dogo, angalia nguvu farasi tu, zikiwa nyingi, litafanya kila kazi." Si kweli, na mwenye bajeti ndogo ndiye anayeumia zaidi.

Namba ile ni ya injini. Kabla nguvu haijafika kwenye shafti ya nyuma inayozungusha mashine, sehemu yake hupotea kwenye gia na pampu ya haidroliki. Kulima nako kunadai uzito: trekta jepesi lenye injini kubwa huzungusha matairi palepale, jembe limekwama ardhini.

Hakiki mwenyewe. Fungua kitabu cha trekta, ukurasa wa vipimo, utafute nguvu kwenye shafti, uzito, na kilo linazoweza kuinua nyuma. Hizo kilo zimepimwa wapi? Zikipimwa kwenye ncha za mikono ya kuinulia, ile ya nyuma inayoshika jembe, namba huwa kubwa kuliko zikipimwa sentimita 61 nyuma ya ncha hizo, na jembe hukaa huko nyuma.

Mkanganyiko unaeleweka, maana mara nyingi nguvu farasi ndizo hutangazwa kwa maandishi makubwa. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mwambie aliyekutumia aulize uzito kwanza.