Mafuta ya alfajiri hayazidi

Malindi hapa, adhana ya alfajiri ikiisha utakuta tuktuk zishapanga foleni kituo cha mafuta. Imani ni ya miaka: petroli ya asubuhi imeshikana, ya mchana imefura kwa jua, kwa hivyo ukichelewa unauziwa hewa.

Kufura kweli inafura, kama asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto. Lakini tangi la kituo limezikwa ardhini, na huko chini joto la saa sita mchana halifiki upesi. Mafuta hutoka na joto karibu lile lile asubuhi na adhuhuri. Na hata tuseme yangepanda nyuzi 5 nzima, kwenye lita 20 ungepoteza mililita 100, nusu kikombe cha chai. Tuktuk inayonguruma foleni nusu saa huenda ikala zaidi ya hizo.

Anayetaka kubana matumizi apime upepo wa magurudumu. Mwenye gari naye ateremshe keria tupu juu ya paa, maana barabara ya Mombasa ukikimbia 100 inapigana na upepo njia nzima.