Umemetuli si shoti

Kwa mafundi wa simu na kompyuta wa Mtwara mjini, Lindi hata Masasi, kila kinachokufa kimepigwa shoti. Bodi haiwaki, ina shoti. Ramu, kile kibodi cha kumbukumbu ya kompyuta, iliyokuwa nzima asubuhi imegoma baada ya kushikwa na mikono mitatu, nayo shoti. Hiyo ya ramu ndiyo inayonikera, kwa sababu huenda iliuawa na umemetuli wa mikono hiyo, na kinga ya umemetuli ni nyingine kabisa na kinga ya shoti.

Umemetuli ni chaji zinazojikusanya juu ya kitu, mwili wako ukiwamo, vitu viwili vinapogusana na kuachana: shati la polista na kiti cha plastiki, soli za raba na sakafu. Chaji hizo hukaa hadi zipate njia, kisha huhama zote kwa mpigo.

Shoti inahitaji chanzo cha umeme, betri au chaja, na njia ya mkato ya mkondo. Umemetuli hauhitaji hata kimoja. Kwa hiyo fundi anayesema "nimeshatoa betri" amejikinga na shoti tu. Kidole chake bado kinaweza kuua aisii (chipu) iliyolala mezani peke yake. Kinachochanganya ni kwamba chaji ikitoboa utando wa ndani ya transista (swichi ndogo mno zilizomo ndani ya aisii), wenye unene wa nanometa chache, mita ya kupimia umeme inaweza kulia pale pale kuonyesha shoti. Shoti ipo kweli, ila imezaliwa na umemetuli. Pengine utando haupasuki, unadhoofika tu. Simu inawaka, mteja analipa, kisha anarudi baada ya wiki kadhaa na fundi analaumu spea.

Wengine wanasema huku pwani hewa ina unyevu, mambo hayo ni ya nchi kavu. Wana nusu ya ukweli. Vipimo vinavyonukuliwa sana vinaonyesha kuwa mtu akitembea juu ya zulia kwenye hewa kavu anaweza kufikia volti 35,000, na kwenye hewa yenye unyevu mwingi volti 1,500. Lakini mwanadamu huanza kuhisi mchomo kwenye volti 3,000 hivi, ilhali vipo vipuri vinavyoharibika chini ya volti 100. Hiyo 1,500 hutaihisi, kipuri kitaihisi. Na ukifanya kazi kwenye chumba chenye kiyoyozi, au Nachingwea wakati wa kiangazi, unyevu wenyewe unapungua.

Sasa mkanda wa mkononi, ule wenye waya ambao fundi huuvaa anaposhika bodi. Wengi huamini unamkinga fundi asirushwe na umeme. La, unakikinga kifaa dhidi ya fundi. Waya wake huenda kwenye arthi (njia ya umeme kwenda ardhini) kupitia rezista ya megaomu 1, ili chaji za mwili zimwagike taratibu, na ukigusa umeme wa volti 230 kwa bahati mbaya, kipite kiasi cha miliampea 0.23 tu. Anayejifunga waya mtupu wa shaba hadi kwenye arthi ameondoa ulinzi huo na kujiweka hatarini. Anayeubana kwenye nondo ya dirisha isiyofika ardhini hajafanya kitu. Na ukifungua kifaa kilichochomekwa ukutani, mkanda unavuliwa.

Plastiki na mifuko ya nailoni isogeze mbali na meza, kwa kuwa chaji zake hazihami hata ukiziunganisha na arthi. Ule mfuko wa rangi ya fedha unaofungiwa bodi mpya hulinda bodi ikiwa ndani yake na mdomo umefungwa. Kuilaza juu yake hakuikingi.

Kwa hiyo, fundi, ukimpa kijana wako mkanda usimwambie ni ili asipigwe shoti. Mwambie ni ili yeye asiidhuru bodi, na ataelewa kwa nini auvae hata simu ikiwa imezimwa.