Madume wako wapi mwezi wa Agosti?

Nilipoanza kuhesabu bata mwitu, siku moja ya Agosti niliandika daftarini: majike 40, dume hakuna. Mwenzangu mzoefu akacheka. "Kwani watoto wao wamezaliwa bila baba?"

Madume walikuwepo, tena wengi, ila walikuwa wameshavua nguo za harusi. Huko Ulaya, dume wa bata kichwa-kijani (Anas platyrhynchos) hupukutisha manyoya yake ya fahari kuanzia Juni hivi, akaota ya kahawia yenye mabaka kama ya jike. Katikati ya mabadiliko hayo, manyoya ya kurukia huanguka yote kwa mkupuo, naye hukaa wiki 3 au 4 bila kuweza kuruka. Ndege anayeng'aa na hawezi kuruka ni kitoweo tu, ndiyo maana hujificha mateteni.

Siku hizi, kabla ya kutazama rangi, natazama tarehe. Kisha mdomo. Wa dume hubaki na umanjano uliofifia. Wa jike ni wa rangi ya chungwa wenye madoa meusi.

Jike wa Mareca strepera, bata mwitu wa aina nyingine, naye hufanana mno na jike wa kichwa-kijani. Yeye rangi ya chungwa iko pembeni mwa mdomo tu, imenyooka kama iliyopigwa rula. Ukiwa na shaka, ngoja ajinyooshe bawa: ana kiraka cheupe karibu na mwili, ilhali mwenzake ana cha buluu kilichopakana na mistari miwili myeupe.

Wanaonitoa jasho ni bata wa aina mbili ndogo, Anas crecca na Spatula querquedula. Huyu wa pili ana uso wa mistari, na doa jeupe shinani mwa mdomo. Crecca uso wake ni mtulivu, ila pembeni mwa mkia ana mchirizi mweupe. Hapa kalenda husaidia sana: querquedula huzaliana Ulaya na Asia, kisha huhamia Afrika kusini ya Sahara na Asia ya kusini. Bata mdogo bwawani Ulaya mwezi wa Januari, mimi nasema crecca hata kabla ya kuinua darubini.

Huko Afrika nako mtego ni uleule, kwa kuwa dume wa querquedula huchelewa kurudisha mapambo yake. Ukikuta kundi zima la kahawia mwezi wa Novemba, usikimbilie kuandika "majike". Subiri waruke: dume bado ana buluu-kijivu mbele ya bawa.