WD-40 si mafuta ya beringi ya kinanda cha santuri
Wengi huamini kwamba sahani ya kinanda cha santuri ikianza kuzunguka kwa uzito, dawa ni kupuliza WD-40. Kimiminika hicho, kilichobuniwa Marekani mwaka 1953 ili kufukuza maji na kuzuia kutu, kina kiyeyushi kingi kinachopeperuka upesi na kuacha utando mwembamba mno. Madhara huwa makubwa zaidi pale mhimili wa sahani unapozunguka ndani ya bushi, yaani beringi ya umbo la bomba fupi, ya shaba nyeusi yenye vinyweleo (vitundu vidogo mno) vilivyojazwa mafuta kiwandani, kwa kuwa kiyeyushi huyaosha na bushi ikasagika kavu, hata kwa mwendo wa mizunguko 33⅓ kwa dakika. Grisi nayo, ijapokuwa husifiwa, haipenyi vinyweleo hivyo. Kitabu cha mashine kisipoelekeza vingine, matone machache ya mafuta mepesi, yasiyo na viungio vya kusafishia injini, yanatosha.